Ng'ombe Watano wa Karatasi

Mwololo hakuwahi kuketi kwenye kiti mpaka kikapata joto. Kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mahubiri yakianza tu, alikuwa nje akikagua baiskeli za watu. Mamake alikuwa akisema kwamba siku ya kuzaliwa kwake mkunga hakumpokea, alimdaka. Kufikia miaka ishirini na minane alikuwa amefanya kazi kiwandani Athi River akibeba mifuko ya saruji, amenyoa watu nywele, ameuza mitumba, tena amepima mbao katika duka moja hapo Kitengela. Hakuna kazi iliyomwona akimaliza mwaka. Wala hakufukuzwa. Aliamka tu asubuhi moja akahisi miguu inawasha, akaenda zake. Mkewe Kaluki aliacha zamani kumuuliza. Akiona mume amepiga viatu rangi siku ya Jumatano, alijua kazi imekwisha, akaanza kupanga maneno ya kumwambia mwenye nyumba.

Basi mwaka wa 1995 mtu huyu aliingia dukani kwa Khadra kununua balbu ya tochi. Khadra alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Wajir, mwenye duka la redio, betri na saa za ukutani kando ya barabara ya Namanga. Siku hiyo alikuwa amepokea katoni ya vile vidude vya plastiki vya kushika mkononi, vyenye matofali madogo yanayoanguka nawe unayapanga kabla hayajakufikia juu. Mwololo alichukua kimoja, akabonyeza. Akachukua cha pili. Hadi saa kumi jioni alikuwa bado amesimama pale kaunta, balbu yake mfukoni, akivipanga vidude mafungu mafungu.

"Hii imelala upande wa kushoto," alikuwa akisema. "Hii inakula betri. Hii kelele yake itafanya mtoto wako apigwe na mwalimu. Hii beba."

Wateja walianza kumuuliza yeye kabla ya kumuuliza Khadra bei. Khadra alimtazama muda mrefu juu ya miwani.

"Mwololo, wewe unanisumbua kwa duka. Lakini hawa watu wanakusikiza. Kuja ukae hapa."

"Kukaa siwezi, mama."

"Basi simama. Lakini andika."

Hivyo ndivyo Kitengela ilivyompata mpimaji wake wa gemu. Khadra alimpa kalenda ya mwaka uliopita na kalamu nene ya wino, naye akaandika nyuma ya Januari, herufi kubwa, karatasi ikabandikwa mlangoni. Mashine za kuunganisha na televisheni zilipoanza kuja, zile za kutia kaseti juu na kucheza watu wawili, Mwololo alikuwa ameshafika Agosti. Watu walikuwa wakitoka kanisani na kupita kwanza hapo kusoma. Aliandika bila huruma. "Kaseti hii imeandikwa gemu mia moja. Nimehesabu. Ziko kumi na mbili, zingine ni hizo hizo zimebadilishwa nguo." Au: "Mpira wa miguu. Golikipa hana magoti. Ukipiga chini, ni bao, kila mara. Raha ya siku moja." Wenye mabanda ya gemu hawakununua kitu kabla hajakipima, na wazazi walikuja na watoto wao wakiwashika mikono, wakasoma kwa sauti, wakaamua.

Kwa mara ya kwanza maishani Mwololo alikuwa na kazi ambayo kila wiki ilikuwa kazi nyingine. Miguu ikiwasha, ilikuwa inawashia kitu kipya kilichokuwa kinakuja. Kaluki alikaa mwaka mzima bila kuona viatu vikipigwa rangi katikati ya wiki, naye, mama wa watu, akathubutu kununua kabati.

Kajiado ilimwongezea mambo mawili. Huko kulikuwa na Sironka, mzee mcheshi aliyekuwa na banda la gemu hatua chache kutoka mnada wa mifugo. Watu waliouza mbuzi wao asubuhi waliingia kwake kupumzika, fimbo wakaziegemeza ukutani, wakapigana ngumi ndani ya televisheni. Sironka aliomba karatasi za Mwololo zibandikwe kwake pia. Lakini alipoona alama zimeandikwa nane juu ya kumi, alicheka mpaka akakohoa.

"Kumi ya nini? Hapa hakuna shule. Mimi ni mtu wa mifugo. Niambie kama hii kitu ni mbuzi ama ni ng'ombe."

Tangu hapo Mwololo alitoa alama kwa ng'ombe. Ng'ombe watano ndio mwisho, na hakuwa amewahi kuwatoa. Mashine nzuri ilipata watatu. Ile ya golikipa asiye na magoti ilipata mbuzi mmoja, tena anayechechemea.

Jambo la pili lilikuwa umeme. Wengi wa wateja wa Sironka waliishi ndani huko, njia ya Mashuuru, ambako nguzo za stima hazijafika. Kama mtu alikuwa na televisheni, ilikuwa ile ndogo isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tu, inayowashwa kwa betri ya gari. Kwa hiyo Mwololo alijiwekea kanuni. Kila kifaa alikipima mara mbili. Kwanza nyumbani kwake Kitengela, kwa stima, kwenye televisheni yake ya rangi aliyoipenda kiasi kwamba Kaluki aliishonea kitambaa. Kisha alikibeba kwa basi hadi Kajiado, akakiwasha kwa betri kwenye kile kitelevisheni cha Sironka. Ndipo aliandika chini kabisa ya karatasi mstari wake wa siku zote: "Imepimwa Kitengela kwa stima, imepimwa Kajiado kwa betri. Mwololo." Watu wasiojua kusoma walikuwa wakiuliza kitu kimoja tu: "Ule mstari wa chini uko?" Wakiambiwa uko, waliridhika.

Siku moja pale bandani aliwasikia wazee wawili wakisalimiana kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, na kuitana jina moja. "Pakiteng', supa!" "Ipa, Pakiteng'!" Akadhani ni majina ya kufanana. Sironka akamweleza kwamba hao waliwahi kupeana ng'ombe. Mtu akikupa ng'ombe, jina lako la zamani linawekwa kando, mnaitana kwa ng'ombe huyo mpaka mmoja wenu azikwe.

"Hata mkigombana?" Mwololo akauliza.

"Mkigombana ndio hilo jina linafanya kazi."

Mwololo alicheka, akatoka. Yeye hata jina lake mwenyewe lilikuwa likimchosha.

Katikati ya 1998, mvua kubwa ya El Nino ikiwa imeshapita na nyasi zimejaa kila mahali, Khadra alipokea mashine iliyoitwa Rocket Boy. Ndani yake mlikuwa na kaseti yenye gemu moja ya mipira. Mipira inashuka, nyekundu, kijani, bluu, manjano, nawe unapiga mpira wako uungane na wa rangi yake, inapasuka. Hakuna zaidi. Mwololo aliketi saa tatu asubuhi kuipima. Alipoinua macho, Kaluki alikuwa amemwekea chakula kando na kimepoa, na saa ilikuwa saa saba.

"Umekaa," Kaluki alimwambia, kana kwamba anamwambia amepona.

Na kweli alikuwa amekaa. Kitu hicho kilimtisha kidogo, kikamfurahisha sana. Alichukua kalenda akaandika: ng'ombe watano. Aliandika kwamba hajawahi kuona gemu kama hii, kwamba mtoto ataielewa na mzee ataielewa, na kwamba atakayeinunua hatajuta. Akaanza kuandika nakala ya pili, ya Sironka.

Hapo ndipo Khadra alipotuma mtu kumwambia kwamba jamaa yake wa Eastleigh, Nairobi, amepata mashine mpya kabisa inayocheza kwa sahani badala ya kaseti, na kwamba itakaa kwake hadi jioni tu. Miguu ya Mwololo ikasimama yenyewe. Ile raha ya kuketi iliyeyuka papo hapo. Kwenda Kajiado na kurudi kungemaliza siku, na kule Nairobi kulikuwa na kitu ambacho mtu yeyote wa Kitengela hajakigusa bado. Mkono wake ukaandika mstari wa chini kwa mazoea, wote, hadi neno la mwisho. Aliutazama. Akajiambia kwamba kesho kutwa atakwenda aipime, na kwamba mashine nzuri ni nzuri popote. Akakunja karatasi, akampa kondakta wa basi la Namanga ampelekee Sironka, naye akavuka barabara kusubiri gari la kwenda Nairobi.

Kesho kutwa haikufika. Ile mashine ya sahani ilifuatwa na nyingine, nazo zikamchukua wiki mbili.

Alipokwenda Kajiado tena ilikuwa siku ya mnada. Vumbi, mbuzi, watu wakipaza sauti. Aliingia bandani akitoa salamu kwa bashasha, na hakuna aliyeitikia kwa bashasha. Sironka alikuwa akifuta kitu kisichohitaji kufutwa. Kwenye benchi aliketi mwanamume wa miaka kama thelathini, mrefu, shuka begani, na miguuni mwake kulikuwa na mfuko wa nailoni.

"Huyu ni Kakuta," alisema Sironka. "Alisoma karatasi yako."

Kakuta alisimama, akamshika mkono kwa heshima. Akatoa Rocket Boy mfukoni, akaiunganisha mwenyewe na kile kitelevisheni cha Sironka, akagusanisha nyaya za betri. Picha ikaja.

"Mimi niko na televisheni kama hii," alisema. "Kwetu kuna kisima. Watu wanangoja maji na mifugo kutoka asubuhi mpaka jua linaenda. Nikasema nitaweka gemu hapo, wacheze wakingoja. Nilikuwa nangoja mashine mzuri. Sasa cheza."

Mwololo alichukua kidude cha kubonyeza. Mipira ikashuka.

Ilikuwa ya kijivu. Yote. Mmoja kijivu, wa pili kijivu, safu nzima ya kijivu inayoshuka. Vidole vyake vilisimama.

"Nionyeshe nyekundu," Kakuta alisema.

Watu walikuwa wameanza kukusanyika nyuma yao. Mwololo alipiga mpira mmoja, ukaganda mahali pasipo pake. Akapiga mwingine. Safu ikashuka, ikajaa, gemu ikaisha. Haikuchukua hata dakika mbili.

"Mimi najua ng'ombe wa babangu kwa rangi, kila mmoja na jina ya rangi yake," Kakuta aliendelea, bila kupandisha sauti. "Mtoto wangu wa miaka sita anajua. Hapa naona jivu. Nikasema labda mimi ndio sijui. Nikaita mwalimu. Na yeye akaona jivu."

"Hii gemu inataka televisheni ya rangi," Mwololo alisema. Sauti yake mwenyewe ilimchukiza.

"Hiyo umeandika wapi?"

Karatasi ilikuwa bado ukutani. Kakuta hakujua kusoma haraka, kwa hiyo alisoma polepole, akiweka kidole chini ya kila neno la mstari wa mwisho, na banda zima likamsikiliza. Imepimwa. Kajiado. Kwa betri.

"Ulipima?"

Mwololo angeweza kusema betri ya siku ile ilikuwa na nguvu zaidi. Alikuwa na maneno mengi ya aina hiyo, na watu wangeyaamini, kwa sababu ni yeye. Alimtazama Sironka, na Sironka akaangalia sakafu, maana mzee alijua fika nani alikuja na nani hakuja.

"Sikupima," alisema.

Kakuta alitikisa kichwa taratibu. Akaikunja mashine na nyaya zake, akairudisha mfukoni.

"Nilitoa mtamba nikanunua hii," alisema. "Mwekundu, na baka nyeupe kwa uso. Mjomba wangu ndiye alinipa, na ameshakufa. Ng'ombe zako tano zilikuwa za karatasi. Yangu ilikuwa na miguu."

Akatoka. Hakudai kitu. Hakutukana. Mwololo alimfuata hadi mlangoni akimwambia kwamba Khadra ataichukua mashine, kwamba watazungumza, kwamba kuna njia. Kakuta alisema mtamba alikuwa ameshapakiwa lori la kwenda Nairobi, na kwamba ng'ombe aliyekwenda Nairobi harudi na habari. Kisha akapita katikati ya mbuzi wa watu, akaenda.

Mwololo hakurudi Kajiado tena kwa miezi sita.

Kama mtu huyu alikuwa hatulii zamani, sasa alikuwa kama amekalia siafu. Alihamishia karatasi zake Ngong, akazibandika sokoni. Alikwenda Embulbul akapima mashine za jamaa mmoja aliyekuwa na banda karibu na kanisa. Aliandika, akafika kwenye mstari wa chini, na mkono ukakataa. Akaanza kubandika karatasi bila mstari ule, na watu wakawa wanasoma, wanatafuta kitu, wanaondoka bila kununua. Khadra alimwuliza kulikoni, akajibu ovyo. Mtu mzima alikuwa na aibu, na hakuwa na mahali pa kuiweka. Usingizini alikuwa akipanga mipira ya kijivu. Asubuhi moja, Jumatano, Kaluki alimkuta anapiga viatu rangi.

"Unaenda kazi gani sasa?"

"Sijui. Ya mbao labda."

Kaluki alimnyang'anya brashi. "Kabati nilinunua na haiwezi kuingia kwa nyumba ndogo, nakuambia mapema. Wewe unazunguka Ngong na Embulbul kama mtu amepoteza ufunguo. Na unajua kabisa uliangusha wapi."

"Hakunidai chochote, Kaluki."

"Ndio maana unazunguka. Angekudai ungelipa ukasahau."

Mwololo aliketi kwenye ngazi, kiatu kimoja kinang'aa na kimoja kina vumbi. Kisha akaingia ndani, akaondoa kile kitambaa kilichoshonwa, akaibeba televisheni ya rangi kifuani hadi kwa Khadra. Khadra aliiuza kabla ya adhuhuri.

Kumchagua mtamba mnadani kulimchukua siku tatu za mnada, wiki tatu mfululizo, maana alikataa kununua wa kwanza aliyemwona. Sironka alikwenda naye na akachoka kabla yake. Mwololo aliwatazama meno, akawapapasa mbavu, akawatembeza kwenye mawe, akawarudisha kivulini akawatazama tena. Mwishowe alimpata mmoja mwekundu. Baka la uso hakuwa nalo, lilikuwa tumboni. Walimswaga kwa miguu njia ya Mashuuru, siku nzima, Mwololo nyuma na fimbo ya kuazima, na kwa mara ya kwanza alitembea kwa mwendo wa kiumbe mwingine. Mtamba akisimama kula, naye alisimama.

Kakuta alikuwa kisimani. Aliwaona wakija kutoka mbali na hakusogea hadi walipofika.

"Supa," Mwololo alisema.

"Ipa."

"Nimeleta fidia."

Kakuta alimzunguka mtamba, akamshika nundu, akaliangalia lile baka. Alichukua muda wake. Mwololo, jasho likimtiririka, alingoja.

"Fidia ni kitu mtu amedai," Kakuta alisema mwishowe. "Mimi nilidai?"

"Hapana."

"Basi hiyo si fidia. Umenipa ng'ombe." Akanyoosha mkono. "Karibu maziwa, Pakiteng'."

Sironka aliangua kicheko. Mwololo hakucheka. Alijua maana yake, na alijua kwamba jina hilo haliachwi asubuhi moja kama kazi ya mbao. Akajibu, kwa Kimaa chake kibovu, jina lile lile.

Alirudi Kitengela akiwa na kitelevisheni kimoja tu, kidogo, kisicho na rangi, alichomwomba Sironka amuuzie. Kuanzia hapo kila gemu iliyopita mikononi mwake ilianza kuonekana katika kijivu, na ikifaulu hapo ndipo alipokwenda kwa Khadra kuiona kwa rangi. Rocket Boy yenyewe ilipata kaseti ya magari ya mashindano, ambayo haihitaji rangi, na pale kisimani watu waliendesha magari hayo huku mifugo yao ikinywa. Ukame wa mwaka 2000 ulipowasukuma wafugaji mbali, hakukuwa na simu, lakini Sironka alipokea ujumbe na kuuleta Kitengela mwenyewe: Pakiteng' wako anasema ng'ombe yuko hai. Kaluki alisikia, akapika chapati siku ya kazi.

Mwaka wa 2006 Khadra alikuwa na duka lenye madirisha ya vioo na mashine nyembamba za sahani zinazong'aa, na vijana wa Kitengela walikuwa wakikipigania kila kipya kinachofika. Mwololo alikuwa na mvi mbili tatu na bado hakuwa akiketi. Kijana mmoja alimkuta pale kaunta amesimama, mguu ukicheza, mkononi ameshika mashine ya kubeba mfukoni iliyofika asubuhi ile.

"Buda, hiyo ni ng'ombe ngapi? Nataka kununua saa hii."

"Sijui."

"Si umeshaicheza?"

"Nimeicheza." Alikuwa ameanza kuifunga ndani ya gazeti, polepole, kama mtu anayefunga mayai. "Lakini bado sijaipeleka kisimani kwa Pakiteng'."